Nyumba Tatu, Picha Moja

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupata stashahada, na ndiye wa kwanza kujenga nyumba tatu katika kiwanja kimoja hapa Kibiti bila kumwomba mtu hata bati. Nalisema hili mwanzoni ili nisilirudie, ingawa wanaonijua wanadai huwa nalirudia. Nyumba ya kwanza ni yangu na mke wangu. Ya pili nilimjengea mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye alifiwa na mume akiwa hapahapa mjini. Ya tatu, yenye dirisha pana linalotazama uani, nilimjengea mama yangu mzazi, na hiyo ndiyo iliyokaa muda mrefu bila mtu.

Mama hakutaka kutoka kisiwani. Kule kwenye delta, katika nyumba ambayo baba aliijenga kwa boriti alizozikata mwenyewe kwenye mikoko, ndiko alikozaa na ndiko alikofiwa. Lakini presha ilikuwa imeshamwanza, na kutoka kule hadi kwa daktari ni maji kwanza, halafu Mohoro, halafu gari mpaka barabara kuu ya Nyamwage, ndipo uje huku. Nilimfuata mwenyewe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema:

"Nitakuja, mwanangu. Nitakaa mpaka mvua zikatike. Zikikatika nitaangalia kama nyumba yako inakalika."

"Inakalika, mama! Ina vigae, ina bomba la ndani, ina feni."

"Sijauliza ina nini."

Basi masika yale yote nilikuwa kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Watu wengine husali mvua inyeshe kidogo mashamba yasizame. Mimi nilitamani isikatike.

Ili kieleweke nilichokifanya, lazima kwanza nieleze televisheni ya baba.

Baba alikuwa mkata boriti. Mwaka mmoja biashara ilimwendea vizuri, akarudi kutoka safari ya kuuza mzigo na televisheni ndogo yenye kioo kilichovimba kama tumbo la chura, isiyo na rangi, pamoja na betri ya gari ya kuiwashia. Ilikuwa ya kwanza kisiwani. Nakumbuka ilivyobebwa kutoka kwenye boti ikiwa imefungwa kanga mbili za mama, watu wakiifuata nyuma kama harusi.

Shida ilikuwa kupata picha. Matangazo yalitoka mbali, na sisi tulikuwa katikati ya maji na miti. Baba akachagua boriti ndefu kuliko zote alizokuwa nazo, akafunga juu yake antena aliyoitengeneza kwa nyaya na mfuniko wa sufuria, akaisimamisha uani ndani ya shimo lisilojazwa udongo, ili iweze kuzungushwa. Kila jioni upepo wa kutoka baharini uliisogeza, na kila jioni ilibidi itafutwe upya. Ndipo ukazaliwa utaratibu ambao sijauona mahali pengine popote, na nimetembea.

Baba alisimama uani ameikumbatia boriti. Hakuweza kukiona kioo. Mama alikaa ndani, karibu na dirisha, macho kwenye televisheni. Baba alitangaza kwa sauti, "Nageuza, jamani!" Wote tuliokuwa ndani, watoto, majirani, wanawake mkeka huu na wanaume mkeka ule, tukajibu kwa pamoja, "Geuza!" Hakuwahi kugusa boriti kabla hajajibiwa. Kisha mama akaanza kumwongoza:

"Bado! Bado! Mchelemchele tu! Ehee, mtu anakuja, anakuja... umempita! Rudi! Rudi kidogo! Hapohapo! Usiguse!"

Kulikuwa na siku ambazo picha ilikaa kwa sharti baba asiiachie boriti. Akiondoa mkono tu, kioo kinajaa chenga kama mchele. Basi alibaki palepale, amesimama, na mama akamsimulia kupitia dirishani. "Sasa wanaonyesha uwanja. Watu wengi, mume wangu, wamejaa kama dagaa. Mmoja ameanguka. Ameinuka. Ah, huyu anajidai, hajaumia." Baba alicheka kule nje kabla sisi hatujacheka ndani. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaiona ile picha vizuri kuliko sote.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kupenda ufundi. Nilitaka kujua picha inapita wapi mpaka ikafika kwetu. Niliondoka kisiwani nikiwa na begi la nailoni, nikafanya kibarua Dar es Salaam, nikajilipia chuo mwenyewe, nikasoma umeme na mawasiliano mpaka nikatoka na ile karatasi ambayo leo ipo sebuleni kwangu ndani ya fremu ya mninga. Halafu nikaajiriwa kufunga mitambo ya televisheni mahotelini. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi, Dar na Zanzibar, na nilikuwa hodari. Unaingia chumbani hotelini, unawasha kioo, kinakukaribisha, unachagua cha kutazama: mambo hayo yote yanatoka kwenye chumba kimoja kidogo ambacho mgeni hakioni, yanapita kwenye waya, yanagawanywa. Mimi nilikuwa mwenye ufunguo wa chumba hicho.

Niliporudi Kibiti na kujenga, niliapa kwamba kiwanja changu kitakuwa na mtambo kama wa hoteli. Na kikawa nao. Stoo yangu, ambayo kwa wengine ingekaa magunia ya mpunga, niliifungia king'amuzi, kompyuta ndogo na ruta, nikavuta waya mpaka nyumba zote tatu. Sebuleni kwangu kioo kikubwa, kwa mama mdogo kimoja, kwa mama kimoja, na kila kioo na rimoti yake. King'amuzi kimoja, kadi moja, na kila kinachoonekana kwenye kioo kimoja kinaonekana kwenye vyote. Siyo kipindi tu: hata menyu yenyewe, ile orodha ya kuchagua, ilikuwa moja. Mtu akibonyeza kwake, kile kialama cha njano kinatembea juu ya orodha kwenye nyumba zote kwa pamoja. Ulikuwa mpangilio wa kuanzia, wa haraka, maana nilitaka mama akifika akute kioo kinawaka.

Alifika mvua zikiwa zimechanganya. Nikamfundisha rimoti. Ninajivunia kusema nilimfundisha kwa muda mfupi kuliko mameneja wengi wa hoteli. Alipoona kialama cha njano kinatembea bila yeye kubonyeza, alirusha rimoti kitandani.

"Kuna nini humu?"

"Ni mama mdogo, mama. Yuko kwake, anachagua."

"Yule pale ng'ambo?"

"Yuleyule."

Akakitazama kile kialama kikishuka, kikapanda, kikasita. Akaanza kucheka. "Tazama, hajui anachotaka! Tangu utotoni hajui anachotaka!" Akafungua dirisha, akapaza sauti kuvuka uani:

"We! Shuka chini! Chini zaidi! Kuna taarabu hapo, unaipita!"

Kutoka ng'ambo mama mdogo akajibu, "Dada, mimi nataka tamthilia yangu ya Kituruki!"

"Waturuki walishaoana jana, waache walale! Rudi! Rudi kidogo!"

"Rimoti ninayo mimi!"

"Na mimi ninayo! Ngoja uone!"

Kialama kikaanza kwenda juu na chini kama panya aliyebanwa. Mimi sebuleni nilikuwa nataka taarifa ya habari. Sikupata kitu jioni ile, wala kesho yake. Mama akaanzisha sheria: asiyetangaza hageuzi. Alikuja dirishani kabla ya kubonyeza, akaita, "Nageuza, jamani!" na akasubiri. Mama mdogo, aliyekulia kisiwa kilekile, akajibu bila hata kufikiri, "Geuza!" Mke wangu ni mtu wa Mloka, kwao walikuwa wakihangaika na tembo wanaokula mahindi, hawakuwa na mambo ya antena. Siku za mwanzo aliniuliza kama mama ana homa.

"Anaomba ruhusa," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Ya kugeuza."

"Na akikataliwa?"

"Anageuza."

Adhana ya magharibi ilipoanza, mama alizima sauti, na nyumba tatu zikanyamaza kwa kidole kimoja. Walipokuwa wakitazama tamthilia, walizungumza kuvuka uani mwanzo mpaka mwisho. "Umemwona mama mkwe huyo?" "Nimemwona, shetani mkubwa!" "Yule binti asile hicho chakula!" "Usile, mwanangu, usile!" Majirani waliopita nje ya ukuta walisimama kusikiliza. Uani kwetu palikuwa kama palivyokuwa kule kisiwani, na mimi, niseme kweli, niliona aibu. Nilikuwa nimeahidi mtambo wa hoteli. Hakuna hoteli ambayo wageni wanagombana kupitia madirishani.

Kilichonimaliza ni mpira. Nilialika wenzangu, wafanyabiashara wawili wa Nyamwage na fundi mmoja wa hapa mjini ambaye alikuwa akinibishia kwamba mtambo kama huo hauwezekani nyumbani. Alasiri hiyo niliwaketisha, soda baridi, karanga, kioo kikubwa. Fundi alikuwa ameshaanza kukubali. Ikafika penalti. Mpigaji akaweka mpira chini, akarudi nyuma, tukainama mbele wote.

Kutoka dirishani nikasikia, "Nageuza, jamani!"

"Mama, hapana!" nikapiga kelele, lakini mama mdogo alishanitangulia na "Geuza!" yake.

Tukajikuta tunamtazama sheikh akifundisha namna ya kuosha maiti.

Yule fundi hakucheka. Alikula karanga moja, akasema taratibu, "Mtambo mzuri, mzee. Unakumbusha kifo." Mpaka leo watu wa Nyamwage wakiniona barabarani huniuliza kama maiti alishakoshwa.

Kesho yake nikaingia stoo. Nikaongeza vifaa, nikapanga mfumo upya kama unavyopangwa hotelini kweli: kila kioo na menyu yake, kila rimoti na kioo chake, kila nyumba inatazama inachotaka bila kuigusa nyingine. Kwa mtu asiyesomea ingekuwa kazi ya kukodi wataalamu kutoka Dar. Mimi niliimaliza kabla ya chakula cha jioni, na kila kitu kilifanya kazi mara ya kwanza. Nikapita nyumba kwa nyumba kutangaza.

"Sasa, mama, huna haja ya kumwomba mtu. Bonyeza utakavyo."

"Na mdogo wangu?"

"Naye vilevile. Kila mtu na lake."

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Mke wangu alifurahi. Mimi nilitazama habari zangu tangu kichwa mpaka mkia. Uani pakawa kimya. Nilikifurahia kimya hicho, nikakiita ustaarabu.

Jioni moja nilikuwa natoka stoo nikamsikia mama dirishani kwake. Alikuwa anacheka. "Umemwona huyo mwanamke alivyovaa?" akaita. "Kama kuku amelowa!"

Kutoka ng'ambo mama mdogo akauliza, "Yupi?"

"Huyo wa kijani!"

"Dada, mimi sipo huko. Niko kwenye tamthilia."

Mama akabaki kidogo dirishani na mkono kwenye nondo, halafu akalifunga. Nilipita. Nilikuwa na mambo yangu.

Mvua zikakatika. Nililijua hilo kwa kuiona barabara inatoa vumbi, na kwa kumwona mama ameleta mkoba wake wa ukindu kibarazani, anaufuta. Siku iliyofuata kanga zake zilikuwa zimekunjwa. Nikamwendea baada ya alasiri. Kioo chake kilikuwa kimezimwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Najiandaa. Ukipata nafasi unipeleke Mohoro, nitapata boti."

"Una dawa zako hapa. Daktari ni huyo hapo, kwa bodaboda tu."

"Dawa nitabeba."

"Kuna kitu kimeharibika? Feni? Maji?"

"Hakuna kilichoharibika. Nyumba yako nzuri, mwanangu. Kila mtu anaisifu."

"Sasa?"

Alikaa kitandani, akachukua rimoti, akaigeuzageuza mkononi kama mtu anayepima samaki. "Hii nikibonyeza," akasema, "hakuna anayesema kitu."

Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo faida yake. Nilimweleza vizuri, nilitumia maneno rahisi, kama ninavyowaeleza wateja. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Baba yako," akasema, "aliwahi kukaa na ile boriti mpaka taarifa ya habari yote ikaisha. Unakumbuka? Mbu wanamla. Nikamwambia, mume wangu, ingia, tuache hiyo televisheni. Akasema, wewe niambie tu, nakuona." Akacheka kidogo. "Ananiona! Na ukuta katikati. Kule kwangu, mwanangu, kuna kuku, kuna majirani wanapita dirishani, nikisema neno mtu ananijibu. Hapa nilikuwa nasema, naye mdogo wangu ananijibu, hata wewe ulikuwa unanijibu kwa hasira. Nikasema, basi, panakalika. Sasa hivi nikisema, yeye hayupo."

"Yupo, mama. Yuko palepale."

"Kasema mwenyewe hayupo."

Nilisimama nikarudi kwangu, nikaketi mbele ya kioo changu kikubwa bila kukiwasha, chini ya ile fremu. Nilifanya kazi mahotelini miaka mingi, na katika miaka hiyo yote sikumbuki mgeni hata mmoja aliyetaka kubaki. Vyumba vile vimetengenezwa kwa watu wanaoondoka. Nilikuwa nimemjengea mama chumba cha hoteli, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufunga, na yeye amefanya kama mgeni yeyote: amefungasha.

Nikaingia stoo. Wengi wanadhani kurudisha mfumo nyuma ni rahisi. Si rahisi, hasa ukitaka uwe bora kuliko mwanzo. Niliunganisha menyu zote tatu zikawa moja tena. Kisha nikaongeza kitu ambacho sijakiona katika hoteli yoyote: kila rimoti nikaipa rangi ya kialama chake. Cha mama kijani, cha mama mdogo chekundu, changu bluu. Ukitazama orodha unajua nani anatembea. Sikumwambia mtu. Nilitoka stoo magharibi ikiwa imeshaswaliwa, mke wangu akiwa anachuja wali, nikawasha kioo changu, nikabonyeza mara moja.

Kialama cha bluu kikashuka. Kimya. Nikabonyeza tena.

Kutoka ng'ambo nikamsikia mama mdogo, kwa mshangao, "Nani huyo anachezea kwangu?"

Nikaenda dirishani. Mimi, mwenye stashahada, mwenye nyumba tatu, nikaweka mdomo kwenye nondo na kupaza sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nikiwa mtoto wa mkekani, isipokuwa sasa nilikuwa upande wa baba:

"Nageuza, jamani!"

Mama mdogo akaitika mara moja. Mke wangu, mwiko mkononi, mtu wa Mloka yule, naye akaitika kutoka jikoni, "Geuza!" Nyumba ya tatu haikusema kitu. Sikubonyeza. Baba hakuwahi kugusa boriti kabla hajajibiwa, nami nikasubiri. Taa ya chumbani kwa mama ilikuwa inawaka. Nikaona mwanga wa kioo unaongezeka ukutani kwake. Dirisha likafunguliwa.

"Haya, geuza," akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza.

Nikabonyeza, nikashuka polepole.

"Bado," akasema. "Bado. Hiyo mipira yako, pita. Bado. Ehee... umeipita! Rudi!" Sasa sauti ilikuwa imepanda, ilikuwa ileile. "Rudi kidogo! Kidogo, nimesema! Hapohapo! Usiguse!"

Nikaondoa kidole kwenye rimoti, na mkono wenyewe nikauacha hewani, kana kwamba ninachokishika kitaanguka.

"Dada, hiyo ni taarabu!" mama mdogo akalalamika. "Leo zamu yangu!"

"Zamu yako ilikuja, ukasema hupo!"

Mkoba wa ukindu haukuenda popote wiki ile, na wiki iliyofuata nikaona mama anatilia vitunguu ndani yake. Hakuniambia kwamba atakaa. Alichofanya ni kuagiza. Alimwita kijana wa boti anayekuja Kibiti kuuza kaa, akamwambia apite kisiwani nyumbani kwake, aing'oe ile boriti iliyo uani, aje nayo.

"Ile ya antena?" nikauliza. "Mama, ya nini? Mtambo wangu hauhitaji antena ya boriti."

"Naijua kazi yake," akasema.

Ilifika imefungwa juu ya gari la mizigo, nyeusi, ngumu kama siku ilipokatwa. Mikoko haiozi upesi. Mfuniko wa sufuria ulikuwa umeshaondoka zamani. Mama alinionyesha mahali pa kuchimba, katikati ya uani, ambapo waya wangu unavuka kutoka stoo kwenda kwake na ulikuwa ukilegea mpaka kugusa nguo zilizoanikwa. Nilishindilia udongo vizuri safari hii, maana haihitaji tena kuzungushwa. Nikaupitisha waya juu yake.

Yule fundi alikuja tena, nikamwonyesha vialama vya rangi tatu. Alitazama, akatikisa kichwa, akakiri kwamba jambo hilo hajawahi kuliona. Nami nikamwambia ukweli, kwamba hatalikuta mahali pengine. Mpira tunautazama wakati wa mpira, ila sharti niombe kwa sauti. Wageni wangu wa Nyamwage nao wanalijua. Wakikaa sebuleni kwangu na nikaenda dirishani kuita, wao ndio wanaojibu kwa nguvu kuliko wote.